Nimepata nafasi ya kozi ya kiangazi Ujerumani (uhandisi umeme), mzee anataka kuuza ng'ombe. Niende au nibaki nifanye PT (mafunzo kwa vitendo kazini)?

BintiKibosho

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mimi nasoma uhandisi umeme mwaka wa tatu, chuo kipo hapahapa Arusha ila nyumbani ni Kibosho. Naombeni ushauri maana nyumbani kila mtu anaongea lake na mimi katikati sielewi nishike la nani.

Iko hivi, mwezi wa kwanza niliomba kozi ya kiangazi chuo kimoja Ujerumani, ni wiki nne kuanzia katikati ya mwezi wa saba (sisi huku tuko na masweta wao ndo joto lao), masomo ni nishati jadidifu, umeme wa maji, jua, upepo na jinsi ya kuviunganisha kwenye gridi. Niliomba tu kwa kujaribu kwa kweli sikutegemea, juzi imeili inaingia nimekubaliwa. Sasa shida hela. Ada euro 1,850, humo kuna masomo, chumba cha hosteli na safari za kwenda kuona mitambo, ila tiketi ya ndege, viza, bima na chakula ni juu yangu. Ukipiga euro moja kama 3,000 hivi, ada peke yake inagonga milioni tano na nusu hapo hata ndege hujaiona.

Mzee wangu alivyosikia Ujerumani basi, kashatangaza mpaka kanisani. Anasema atauza ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha shamba la tambarare. Mama hataki kusikia maana maziwa ndo yanamlipia mdogo wangu ada. Baba mdogo yeye anasema nikishafika huko nisirudi, hilo sijadili na mtu.

Na miezi hiyohiyo natakiwa niwe PT wiki nane. Sasa naomba kujua, hii kozi chuo kinaihesabu? Viza mwanafunzi asiye na kipato anapewa kweli? Na waliowahi kwenda, wiki nne kuna kitu cha maana unajifunza au ni picha za kuweka status tu?

chalii_wa_ngarenaro

Oya sista nenda bana unauliza nini, ng'ombe wanazaliwa kila siku Ujerumani haizaliwi. Mimi ningepata hiyo chansi ningeuza mpaka bati.

mama_wa_Rau

Wewe chalii bati la nani hilo unauza, lako au la mama yako? Msimpotoshe mtoto wa watu. Mwanangu BintiKibosho subiri wenye uzoefu waje, nitarudi.

Eng_Kijenge

Dada hongera kwanza. Mimi nilienda kozi ya namna hiyo upande wa Munich nikiwa mwaka wa tatu kama wewe, ila mwenzako nilipata ufadhili, hela yangu iliyotoka ni ya pasipoti na nauli ya basi kwenda Dar. Kwaiyo nikikwambia ni tamu ujue anaongea mtu ambaye hakuuza kitu.

Darasani sitakudanganya, hakuna kipya sana. Umeme wa maji ni kiasi cha maji kwa sekunde, kimo cha anguko, 9.81 ya mvutano wa dunia na ufanisi wa mtambo, unazidisha umemaliza, ni yaleyale anayokufundisha mwalimu wako hapo Arusha tena yeye bila slaidi za rangi. Kinachobadilika ni kuviona. Walitupeleka kituo cha Walchensee, cha mwaka 1924, kipo kati ya maziwa mawili, ziwa la juu na la chini wamepishana kama mita 200, mabomba sita makubwa yanashuka mlimani unayaona kwa macho, chini kuna mitambo minane jumla megawati 124. Sasa sikia utamu, minne ni turbini aina ya Francis inatoa umeme wa kawaida wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) unaingia gridi, minne mingine ni aina ya Pelton na hiyo kazi yake ni treni tu, maana reli ya Ujerumani inakula umeme wa fezi moja, kV 15, hezi 16.7. Walikubaliana hivyo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwa sababu mota za treni za wakati ule ukizipa hezi 50 zinarusha cheche hatari kwenye komyuteta, pale brashi zinapopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Mota zimeshabadilika siku nyingi lakini wao bado wamebeba mtandao mzima wa pili wa umeme kwa ajili ya treni, utaubadilishaje sasa na treni zinatembea kila dakika?

Hapo ndo nikaelewa kwanini SGR yetu imewekwa kV 25 hezi 50, unavuta kwenye gridi ileile ya TANESCO unashusha kwa transfoma unatembeza treni. Darasani nilikua naikariri tu. Pale nimesimama katikati ya aina mbili za mashine, chumba kimoja, maji yaleyale, ikaingia yenyewe.

Na usiende na unyonge wa kudhani kila cha kwao ni kikubwa. Ni kweli ukitoka bwawa letu la Nyumba ya Mungu lenye megawati 8 Walchensee inakushtua, ila nilivyowaambia wenzangu kwamba nyumbani kuna bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa kila moja megawati 235, jumla 2,115, walinyamaza, profesa akaniambia njoo mbele uelezee. Nenda na vitu vya kwenu kichwani utaheshimika.

Sasa upande wa chuo. Barua yako ya kukubaliwa imeandikwa ECTS ngapi, yaani krediti za vyuo vya Ulaya? Kwao ECTS moja ni saa 25 mpaka 30 za kazi na mwaka mzima ni 60. Kwetu kwa TCU (tume ya vyuo vikuu) krediti moja ni saa 10, mwaka 120. Kwaiyo kwa uwiano wa mwaka ECTS 5 ni kama krediti 10 za kwetu. Lakini hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, idara kukubali ni habari nyingine kabisa. Chukua maelezo ya kozi, mpelekee mkuu wa idara, akuandikie barua KABLA hujaondoka kwamba itahesabika na itahesabika kama somo gani. Ukirudi na cheti ndo unaanza kuulizia, utazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka umalize chuo.

PT usijidanganye, kozi ya darasani haigeuki PT. Wanataka logbuku imesainiwa na msimamizi wa kazini na msimamizi wa chuo aje akuone. Utarudi katikati ya mwezi wa nane, ongeza wiki nane uko mwezi wa kumi. Chuo chenu kinafungua lini?

karani_mstaafu

Binti salama. Nimefanya kazi za makaratasi ya safari miaka mingi, ngoja nikueleze viza maana hapo ndipo vijana wanapoliwa.

Unachohitaji ni viza ya Schengen ya muda mfupi, ile ya siku 90 ndani ya siku 180. Unaomba ubalozi wa Ujerumani, Dar, pale Umoja House, na lazima uende mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024 na ukinyimwa hairudi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, lakini ukisubiri hizo 15 umejitakia mwenyewe, kwa sababu uamuzi wa kawaida ni siku 15 ila wakitaka karatasi zaidi unaweza kufika siku 45, na hapo hujahesabu foleni ya kupata miadi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayotoka kule. Kama huna pasipoti anza nayo leo, ni shilingi 150,000.

Kutokuwa na kipato siyo tatizo, mzazi anaweza kukudhamini. Weka cheti cha kuzaliwa kuonyesha ni baba yako kweli, taarifa zake za benki za miezi ya karibuni, barua yake, na barua ya chuo kwamba wewe ni mwanafunzi unayeendelea na unatakiwa darasani tarehe fulani. Hii barua ya chuo ndiyo mhimili, maana yule ofisa swali lake kubwa ni moja, huyu atarudi?

Sasa hapo kwenye ng'ombe nisikilize vizuri. Akaunti ya mzee iliyokuwa na laki mbili, ghafla wiki moja kabla ya maombi inaingia milioni tisa, inatia shaka. Watadhani mmekopa kwa jirani mkaonyeshe halafu mrudishe. Kama kweli mnauza, andikianeni mbele ya mtendaji, mweke na karatasi ya mauziano kwenye faili.

Baba yako mdogo mwambie ushauri wake akae nao. Ukizidisha muda, safari nyingine za shule zote unajifungia mwenyewe na chuo hapa unakikosa.

Kitu kidogo watu wanasahau, tiketi za bei nafuu kutoka KIA nyingi zinapitia Addis. Kukaa pale uwanjani zaidi ya saa 12 wakati wa kurudi, ukifika hapa wanakuuliza kadi ya homa ya manjano. Chanja mapema.

Mdau_Sakina

Naongezea kwa karani. Kuna maajenti mjini hapa wanajifanya wao ndo wana nafasi za hizi programu. Mpwa wangu alitozwa "ada ya kufungua faili" na mmoja ambaye simtaji, kumbe fomu ni ya bure kwenye tovuti ya chuo na mtu unaijaza mwenyewe kwa simu. Huyo dada kapita mlango halali ila wengine mnaosoma hapa muwe macho, mtu akikwambia viza ni uhakika asilimia mia we ondoka taratibu usiage.

FundiVifaaTiba

Mimi niko Moshi, fundi wa vifaa tiba. Nacheka kidogo maana nyie mnahangaika kuuza mifugo kwenda kwao, wao wanalipa kuja huku huku kufanya kiangazi chao. Hamjui?

Kuna mpango unaitwa Engineering World Health, umeanzia Marekani, wanafunzi wa uhandisi hasa wa vifaa tiba na umeme, na Tanzania imekuwa moja ya vituo vyake. Miezi miwili. Mwezi wa kwanza wanakaa huku Arusha wanafundishwa Kiswahili na ufundi, wanaishi na familia, mwezi wa pili wanagawanywa hospitalini kutengeneza mashine zilizolala stoo. Na wanatoa hela yao, siyo kidogo. Nimewahi kufanya nao kazi. Wa kwanza niliyepangiwa alikuwa binti mdogo tu, siku ya kwanza anaogopa hata kufungua kifuniko maana kwao mashine ikifa inaitwa kampuni, fundi wa kampuni ndo anafungua. Mwezi umeisha anauma waya kwa meno kama sisi.

Wanachokutana nacho ni hiki. Mashine ya msaada imetoka Marekani, imetengenezewa volti 120 hezi 60. Nesi anaichomeka kwenye 230, moshi, imeisha, inapelekwa stoo na karatasi imeandikwa MBOVU. Ukifungua mara nyingine ni fyuzi na kapasita mbili tatu. Mjanja anaweka transfoma ya kushusha volti, vizuri, ila transfoma haibadilishi hezi. Sasa chukua mashine ya kuchuja oksijeni. Inavuta hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21, inaisukuma kwenye zeolaiti (punje za madini zenye vitundu vidogo sana), naitrojeni inanasa humo, kinachotoka ni oksijeni zaidi ya asilimia 90, hapo ikiwa nzima. Kompresa yake imeundwa kwa hezi 60, ukiipa 50 inazunguka polepole, presha haifiki, oksijeni inashuka na taa ya hatari inawaka. Mtu asiyejua anabadilisha zeolaiti bure. Bado hujaongelea vumbi kwenye filta na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Hiyo ni uhandisi umeme mtupu dada, na iko kwenye barabara ya lami kutoka kwenu Kibosho. Sisemi usiende Ujerumani. Nasema PT yako ukiifanya karakana ya hospitali hapa Moshi, utakutana na hao wanafunzi wa nje kama mwaka huo wapo, utafundishana nao, na nauli ni daladala.

chalii_wa_ngarenaro

Kuuma waya kwa meno 😂😂 fundi umeniua

BintiKibosho

Jamani asanteni sana sikutegemea. Nimesoma yote mara nyingi.

@Eng_Kijenge ni ECTS 5. Chuo tunafungua mwishoni mwa mwezi wa kumi kwaiyo PT nikianza tu nikirudi inaenea ila bila hata wiki ya kupumua, na mwalimu wa PT nimemfata leo kasema kuanza kwa kuchelewa inawezekana nikiwa na barua ya sehemu itakayonipokea. Krediti mkuu wa idara kasema nilete maelezo ya kozi aangalie, hajakataa hajakubali.

@karani_mstaafu shikamoo mzee, pasipoti sina, naanza kesho. Ila mzee nikihesabu ada, ndege, viza, bima na chakula inakaribia milioni kumi. Mama leo hajaongea na baba tangu asubuhi.

mama_wa_Rau

Nimerudi. Mwanangu mimi nimesomesha wanne kwa maziwa na vitumbua hapa Moshi, acha nikwambie la mama yako kwa sababu yeye hawezi kuingia humu.

Ng'ombe wa maziwa siyo akiba ya kuuza ukipata jambo, yule ni mshahara. Ukiuza shamba la tambarare lisilolimwa sawa, hilo lilikuwa limekaa tu. Lakini ng'ombe anayekamuliwa asubuhi na jioni ukimuuza hela inaliwa mwezi mmoja na mdogo wako anarudishwa ada muhula ujao. Halafu utakuwa uko huko kwa wazungu unaangalia hayo mabomba unawaza nyumbani. Baba yako ana furaha, usimvunje moyo, wababa wa Kichagga wakishatangaza kanisani kurudi nyuma ni aibu kwake. Mpe njia ya kurudi. Mwambie baba, chuo cha Ujerumani nimekiomba kinipunguzie, tusubiri jibu kwanza. Hapo hata kanisani ana la kusema.

Na kweli uombe, usiseme tu.

Eng_Kijenge

Mama wa Rau kamaliza. Naunga hapohapo.

Waandikie leo, uliza vitu vitatu kwa imeili moja, kuna punguzo au ufadhili kwa wanaotoka nchi kama yetu, nafasi inaweza kusogezwa mwaka kesho, na viza ikigoma ada inarudi kiasi gani. Hilo la mwisho usiruke, wengine wanarudisha karibu yote ukiwaonyesha barua ya kunyimwa, wengine hawarudishi hata senti, na usilipe chochote mpaka uwe nalo kwa maandishi.

Halafu uliza ofisi ya mahusiano ya kimataifa hapo chuoni kama kuna mkataba wa Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi) na chuo chochote cha Ulaya. Ukipita huko ada ya masomo hulipi, unapewa na ya kujikimu na ya nauli. Watu hawaombi kwa sababu tangazo linabandikwa ubaoni karibu na mgahawa linafunikwa na tangazo la godoro linauzwa. DAAD, wale wa Ujerumani wanaofadhili wanafunzi, nao ofisi yao ya ukanda huu iko Nairobi, imeili wanajibu.

Na kuna IAESTE, hii imeanza 1948 pale Imperial College London, yenyewe ni fildi kabisa nje ya nchi, siyo kozi, mwajiri anakupa posho ya kujikimu. Hiyo logbuku inasainika, kwaiyo PT na safari vinakuwa kitu kimoja. Mimi kwa mtu anayetoa hela yake mfukoni ningeanza na hiyo kabla ya kozi yoyote ya kulipia, hata iwe nzuri vipi. Kozi ya kulipia niende nikiwa nimelipiwa angalau nusu, vinginevyo wiki nne kwa milioni kumi hapana, na nimeenda mwenyewe najua kilichopo.

Mdau_Sakina

Hapo kwa milioni kumi nakupinga kidogo engineer. Jina la chuo cha nje kwenye CV linafungua milango, tusidanganyane.

Eng_Kijenge

Linafungua kidogo. Mimi kwenye usaili wa kazi hii niliyonayo hawakuniuliza hata mara moja nilikuwa Ujerumani kufanya nini, waliniuliza PT nilifanya wapi na nilishika nini.

BintiKibosho

Mrejesho. Wamejibu. Wanaweza kunipunguzia euro 600 na kusogeza mwaka kesho wanakubali mara moja tu, ada viza ikikataliwa wanarudisha wakitoa euro 150 ya usumbufu. Nimemsomea baba akasema basi mwaka kesho, ila tayari alikuwa ameshamwita mnunuzi wa shamba, wanaendelea kuongea, ng'ombe wamebaki. Ofisi ya kimataifa nimeenda, mkataba upo ila wa kitivo kingine, wamesema waandike kuomba umeme nao waongezwe, sijui itachukua muda gani.

@FundiVifaaTiba naomba unielekeze barua ya PT niandike kwa nani.

FundiVifaaTiba

Andika kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, nakala kwa kitengo cha ufundi, ambatanisha barua ya chuo. Hospitali gani nakutumia inbox. Ukija njoo na maltimita yako na viatu vya kufunika vidole, makobazi hatupokei.

kijana_wa_sivili

Na sisi wa sivili je, hizo IAESTE tunaingia au ni umeme tu?

Eng_Kijenge

Mnaingia, ni fani zote za ufundi na sayansi. Ila anza kuulizia mapema muhula wa kwanza, ukisubiri mpaka mtihani wa mwisho utakuta zimeshagawanywa.